Maswali Yenu: Mtoto wa Mbwa na Mtu Aliyemzalisha

Barua nyingi za safari hii zimeangukia jambo moja: kumnunua mtoto wa mbwa kwa mtu anayezalisha nyumbani kwake kwa sababu anaipenda aina fulani ya mbwa, na si kwa sababu ndiyo riziki yake. Zilizofanana tumeziunganisha.

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Kila ninayempigia simu ananiambia yeye anafuga kwa mapenzi tu. Maneno ni yale yale. Wa kweli nitamjuaje?

JIBU: Sikiliza nani anamhoji mwenzake. Mzalishaji makini atakuuliza maswali mengi kabla hamjafika kwenye bei: nani anashinda nyumbani mchana, kuna uzio, kuna watoto wa umri gani, umewahi kufuga, mbwa wako wa mwisho alikufa kwa nini, ukisafiri atabaki na nani. Wapo wanunuzi wanaokereka. Wasikereke. Mwenye haraka ya kuuza huuliza jambo moja tu, nalo ni siku utakayokuja kumchukua.

Wewe nawe muulize hivi: "Kwa nini ulimpandisha jike huyu kwa dume yule?" Hakuna swali linalofichua zaidi. Anayejua kazi yake atakueleza kasoro za jike wake bila kuombwa, labda mabega yamesimama mno au manyoya ni mepesi, kisha atakuambia dume yule alitarajiwa kurekebisha nini. Mara nyingi atasema pia kwamba mmoja wa watoto anabaki naye. Jibu la "wote ni wazuri na wana vyeti" si jibu.

Hesabu matumbo pia, yaani mara alizozaa jike huyo. Jike hupata joto takriban kila miezi 6 au 7. Akipandishwa kila joto linapokuja, mwaka hadi mwaka, hapo pana biashara hata kama anaishi sebuleni. Mtu wa mapenzi huzalisha mara moja au mbili kwa mwaka, pengine mwaka mzima hana watoto kabisa, na ana orodha ya wanaosubiri. Hukaa na aina moja ya mbwa, wakizidi sana mbili. Mwenye aina sita na watoto tayari mwezi wowote ni duka.

Jambo moja huwachanganya wengi: kutomkuta baba. Hilo si kosa. Mzalishaji mzuri hutafuta dume anayemfaa jike wake popote alipo, na mara nyingi dume huyo ni wa mtu mwingine, mbali. Utaonyeshwa picha, vyeti na vipimo vyake. Kutomkuta mama ndiko kunakopaswa kukurudisha nyumbani.

Na kama ni mara yake ya kwanza kuzalisha, usimkimbie kwa hilo tu. Muulize nani mwenye uzoefu anayemwongoza, kisha omba kuongea naye.

SWALI: Nataka Labrador. Mzalishaji amenionyesha vyeti vya nasaba vya wazazi wote wawili, na anasema daktari wa mifugo amewapima wako salama. Inatosha?

JIBU: Haitoshi. Cheti cha nasaba kinaeleza nani kazaliwa na nani. Mbwa mwenye nyonga mbovu hupewa cheti sawasawa na mwenzake mzima. Daktari naye, akisikiliza moyo na kutazama meno na ngozi, hajaiona nyonga, wala hawezi kuiona kwa macho.

Kwa Labrador omba mambo manne.

La kwanza ni nyonga. Hupigwa picha ya eksirei mbwa akiwa ametulizwa kwa dawa, na picha husomwa na wataalamu, si na daktari wa jirani peke yake. Mifumo ya kusoma inatofautiana. Nchi zilizo chini ya FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, hutumia herufi A hadi E, na A ndiyo safi. OFA, taasisi ya Marekani inayotoa madaraja ya nyonga, hutumia maneno, na haitoi daraja la kudumu kabla mbwa hajatimiza miezi 24. Uingereza hutoa alama 0 hadi 53 kwa kila nyonga, kwa hiyo jumla ya juu kabisa ni 106. Kadiri ilivyo ndogo ndivyo ilivyo bora, na hulinganishwa na kiwango cha kawaida cha aina hiyo ya mbwa. Ukiambiwa "nyonga zake ni 9" uliza: 9 upande mmoja au jumla? Na kama jumla ni 9, ni 4 na 5, au 0 na 9? Nyonga moja safi na nyingine yenye alama zote si habari njema kama mbili zinazokaribiana.

La pili ni viwiko, vinavyopimwa kwa eksirei vilevile, daraja 0 hadi 3. Tafuta 0.

La tatu ni macho. Yachunguzwe na daktari bingwa wa macho ya wanyama, na tarehe iwe ya karibu, ndani ya mwaka mmoja kabla ya kupandisha. Baadhi ya magonjwa ya macho hujitokeza mbwa akiwa na miaka kadhaa, hivyo cheti cha miaka minne iliyopita ni kumbukumbu tu.

La nne ni vipimo vya vinasaba, kwa kusugua kijiti ndani ya shavu au kutoa damu. Kwa Labrador vinavyotajwa sana ni prcd-PRA, unaoharibu retina taratibu mpaka mbwa anapofuka, na EIC, unaomfanya aanguke akikimbia kwa nguvu. Magonjwa haya hujitokeza pale mtoto anapopokea jeni mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili. Ndiyo maana utakuta maneno matatu: safi, mbeba jeni, mgonjwa. Usishtuke ukiona mzazi mmoja ni mbeba jeni. Mbeba jeni akipandishwa na aliye safi, hakuna mtoto atakayeugua. Kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu kuwa mbeba jeni kama mzazi wake, basi. Wabeba jeni wawili wakikutana ndipo kila mtoto anakuwa na nafasi moja kati ya nne ya kuugua, na hiyo haina udhuru siku hizi ambapo kipimo kipo. Kwa kweli mzalishaji anayekueleza bila kificho kwamba jike wake ni mbeba jeni, na ndiyo sababu akatafuta dume safi, tunamwamini kuliko yule ambaye kwake kila kitu ni safi.

Kisha hakikisha karatasi ni za mbwa huyu. Cheti cha kipimo kinapaswa kuwa na namba ya chipu, kile kidude kidogo kinachowekwa chini ya ngozi ya mbwa kumtambulisha, na kwa kiwango cha kimataifa namba hiyo ni tarakimu 15. Omba mama apimwe kwa kisomaji mbele yako, ulinganishe. Inachukua nusu dakika.

Aina nyingine zina orodha zake. Doberman hupimwa moyo kila mwaka, ikiwemo kuvaa mashine inayorekodi mapigo kwa saa 24. Cavalier King Charles husikilizwa moyo na bingwa. Dalmatian hupimwa masikio, kwa kuwa wengine huzaliwa viziwi wa sikio moja au yote mawili. Collie hupimwa jeni ya MDR1, kwani wenye kasoro hiyo huweza kudhurika kwa dawa ambazo mbwa wengine huzivumilia, ivermectin kwa kipimo kikubwa ikiwa mojawapo. Kwa mbwa wa pua fupi kama Pug na French Bulldog, mwombe mzalishaji amtembeze mama kwa dakika kumi, kisha utege sikio. Asikorome akiwa macho.

Vipimo hivi hupunguza hatari, havifuti. Wazazi wenye nyonga safi huweza kupata mtoto mwenye nyonga mbovu, na unene wakati wa kukua huizidisha kasoro iliyokuwepo.

SWALI: Jumamosi tunakwenda kuwaona watoto wa wiki sita. Mke wangu anasema tuangalie macho na pua, mimi nasema tuchague anayetukimbilia wa kwanza. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mama watoto yuko karibu zaidi, lakini nyote mmeanzia kwa watoto. Anzeni kwa mama yao.

Ombeni kumwona akiwa nje ya chumba cha watoto, maana jike yeyote huweza kuwa mkali kidogo akiwa juu yao. Nje anapaswa kuja kuwanusa, au angalau kukaa na mwenyewe kwa utulivu. Jike anayejificha chini ya meza akitetemeka, au anayefungiwa chumba kingine kwa sababu "hapendi wageni", ameshawapa watoto wake sehemu ya tabia hiyo, kwa damu na kwa kumwiga. Akiwa amekonda kidogo na manyoya yamepukutika, msiwe na wasiwasi. Kunyonyesha hufanya hivyo. Matiti yake yawe yamelegea na yanaonyesha kunyonywa. Jike mwenye tumbo lililokaza, lisilo na dalili yoyote ya kunyonyesha, katikati ya watoto wa wiki sita, huenda si mama yao kabisa. Ujanja huo upo.

Sasa tazameni mahali. Sanduku la uzazi, kama bado lipo, lina mbao au bomba lililopita ndani kuzunguka kuta, juu kidogo ya sakafu, ili mama akiegemea ukuta asimbane mtoto nyuma yake. Aliyejenga hivyo ameshafikiria. Kuanzia wiki ya tatu watoto huanza kusogea mbali na wanapolala ili wajisaidie. Mzalishaji mzuri huwasaidia kwa kutenga eneo lenye magazeti, vumbi la mbao au nyasi. Kukuta kinyesi kimoja au viwili ni kawaida, wako sita na kila mmoja ana tumbo lake. Harufu kali ya mkojo inayochoma macho ni jambo jingine, na ina madhara ya mbele: mtoto aliyezoea kulala juu ya uchafu wake atakusumbua sana kumfundisha kujisaidia nje.

Ombeni daftari la uzito. Siyo kila mtu analo, lakini wengi wa watu wa mapenzi huwapima watoto kila siku wiki mbili za kwanza, wakiwatofautisha kwa utepe wa rangi shingoni. Mtoto akishuka uzito siku mbili mfululizo, aliyepima anajua kabla hajafa. Katika daftari mtaona uzito wa kuzaliwa ukirudufika karibu siku ya 10, ukichelewa kidogo kwa baadhi.

Ndipo mfikie watoto. Anayewakimbilia wa kwanza huenda ndiye mwenye fujo kuliko wote, au ameamka sasa hivi. Aliyelala kona huenda alicheza saa nzima kabla hamjafika. Ziara moja haitoshi kujua, na hata majaribio rasmi ya tabia yanayofanywa karibu siku ya 49 hayatabiri vizuri atakavyokuwa mtu mzima. Mnachoweza kupima ni kupona kwake kutoka kwenye mshtuko. Angusheni funguo sakafuni hatua mbili tatu kutoka kwao. Kushtuka ni sawa. Mtoto mzima hushtuka, hutulia, kisha huenda kunusa kilichoanguka. Tumbo zima likikimbilia kona na kubaki huko dakika nyingi, mzalishaji hajawafanyia kazi.

Mkimshika mmoja, pitieni mwili wake hivi. Fizi ziwe za waridi na zenye unyevu. Nyeupe ni dalili ya upungufu wa damu, mara nyingi kutokana na minyoo au viroboto. Meno ya juu yapite kidogo mbele ya ya chini, isipokuwa kwa aina za pua fupi. Macho na pua visitoke uchafu mzito. Masikio yasiwe na utando mweusi wala harufu. Tumbo liwe limejaa baada ya kula lakini si gumu na duara huku mbavu zikihesabika, maana hiyo ni minyoo. Kwenye kitovu papaseni kama kuna kivimbe laini: ni ngiri. Ndogo kama ncha ya kidole mara nyingi haina madhara na huweza kufunga yenyewe, ila itajwe kwenye mkataba. Dume awe na korodani zote mbili chini, au karibu kushuka. Kwa wiki 8 nyingi zimeshashuka. Chini ya mkia pawe pasafi.

Na jambo la adabu: msipite kwa wazalishaji wawili siku moja. Virusi vya parvo, ugonjwa wa kutapika na kuharisha damu unaoua watoto wa mbwa, husafiri kwenye soli za viatu na huishi kwenye udongo kwa miezi mingi. Mkiambiwa mvue viatu na kunawa, mshukuruni Mungu mmefika kwa mtu anayejali.

SWALI: Anataka niwachukue wakiwa na wiki tano kwa sababu wameshaanza kula wenyewe. Je, si ndiyo watanizoea haraka zaidi?

JIBU: Watakuzoea, na watakuuma. Kati ya wiki ya 4 na ya 8 mtoto hujifunza nguvu ya taya zake. Akimuuma ndugu yake kupita kiasi, yule hupiga kelele na mchezo unakatika; akimuuma mama, hubanwa chini au kunyimwa titi. Binadamu hawezi kumfundisha hivyo kwa haraka ile ile wala kwa usahihi ule ule. Wiki 8 ndicho kiwango cha chini kinachokubalika na wengi, na kwa mbwa wadogo sana wazalishaji hushikilia hadi wiki 10 au 12, kwa sababu watoto hao sukari yao ya damu huporomoka wakikosa mlo hata mmoja.

Haraka ya wiki ya tano ina sababu ambayo muuzaji hatakutajia. Ni wakati ambapo mama huacha kusafisha kinyesi chao, chakula chao hupanda karibu kila siku, na kazi yote humwangukia mtu.

Kukaa muda mrefu nako si sifa peke yake. Dirisha la kuzoea dunia hufunguka karibu wiki ya 3 na huanza kufunga kati ya wiki ya 12 na ya 14. Mtoto wa wiki 12 aliyekaa bandani bila kuona watu anaweza kuwa mzigo kuliko wa wiki 8 aliyelelewa jikoni katikati ya sauti za sufuria na redio. Kwa hiyo uliza: wamekanyaga sakafu za aina gani? Wamepanda gari? Wamebebwa na watu wangapi, wakiwemo watoto na wanaume wenye ndevu au kofia?

SWALI: Kijitabu kina sindano mbili na mtoto ana wiki nane. Muuzaji anasema kamaliza chanjo, naweza kumtembeza popote.

JIBU: Hajamaliza. Mtoto hupata kinga ya mama kupitia dang'a, maziwa ya kwanza, katika saa za mwanzo za uhai wake, na kinga hiyo hiyo huizima chanjo. Huisha kwa nyakati tofauti hata kwa watoto wa tumbo moja. Ndiyo maana chanjo ya parvo, distempa na homa ya ini hurudiwa kila wiki 2 hadi 4 kuanzia wiki ya 6 au ya 8 mpaka afike wiki 16 au zaidi. Ile ya mwisho, inayotolewa kwa wiki 16, ndiyo ya kutegemewa kuliko zote. Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa kuanzia wiki ya 12, kwa kufuata sheria ya mahali ulipo.

Kijitabu kiwe na stika ya chupa ya chanjo, tarehe, saini na muhuri wa daktari. Tarehe zilizoandikwa kwa mkono mmoja, kalamu moja, bila stika, hazina thamani. Tazama na dawa ya minyoo: minyoo aina ya Toxocara huingia kwa mtoto akiwa bado tumboni na kupitia maziwa, hivyo dawa huanza wiki ya 2, kisha ya 4, 6 na 8. Mama naye hutibiwa.

Mpaka ratiba iishe, mbebe. Aione barabara, asikie pikipiki, aguswe na watu. Asikanyage mahali mbwa usiowajua wanapojisaidia.

SWALI: Tuchukue ndugu wawili wasiwe wapweke?

JIBU: La. Wawili wa umri mmoja hushikamana wao kwa wao kuliko na ninyi, na mafunzo yote, kutembezwa na kulala pia, lazima yafanywe mmoja mmoja kwa miezi mingi. Majike wawili ndugu huweza kuja kupigana vibaya wakikomaa. Mzalishaji aliyekukatalia kukuuzia wawili amekusaidia.

SWALI: Nimeona tangazo la watoto wa rangi adimu, bei mara tatu. Wengine wanauzwa kama "wa kikombe", wadogo mno. Kuna tofauti gani ya ubora?

JIBU: Tofauti ni ya bei. Rangi haiongezi afya, na mara kadhaa huipunguza. Chukua ile ya mabaka ya kijivu yaliyochanganyika kama marumaru, iitwayo merle. Mzazi mmoja mwenye rangi hiyo hana shida. Wakipandishwa wawili wenye nayo, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuipokea mara mbili, na hao huzaliwa weupe kwa sehemu kubwa, wengi wakiwa viziwi, wenye macho yenye kasoro au vyote viwili. Rangi ya bluu ya kijivu kwa baadhi ya aina huambatana na kukatika manyoya na ngozi inayosumbua maisha yote. Na kama rangi hiyo haimo kabisa katika maelezo rasmi ya aina hiyo ya mbwa, uliza imeingiaje.

"Wa kikombe" si aina. Ni watoto waliozaliwa wadogo kupita kiasi, au waliopandishwa makusudi kwa wazazi wadogo kupita kiasi. Mfupa wa utosi kutofunga, mifupa kuvunjika kwa kuruka kutoka kwenye kiti na sukari kushuka ni mambo wanayokutana nayo mara kwa mara. Jike mdogo hivyo akizaa, upasuaji huwa karibu.

SWALI: Mzalishaji hataki nichague mwenyewe, anasema atanichagulia. Mkataba wake unanikataza kuzalisha, na nikishindwa kumlea ananitaka nimrudishe kwake. Si mbwa wangu huyu?

JIBU: Ni wako, ila anayemuuza hajamaliza kumjali. Kuhusu kuchagua, yeye amekaa nao wiki nane na wewe saa moja. Mweleze maisha yako kama yalivyo, si kama unavyotamani yawe. Ukisema unakimbia kila asubuhi na hukimbii, atakupa yule mwenye nguvu nyingi, na utateseka.

Kifungu cha kurudisha ndicho kinachomtenganisha mtu makini na wengine. Maana yake hatakubali mbwa wake aishie mtaani. Soma kama hakina kikomo cha umri, na kama kinaeleza ni nani analipa gharama za kumrudisha.

Katazo la kuzalisha nalo ni la kawaida kwa mbwa wa nyumbani. Angalia tu halikulazimishi kumhasi mapema mno. Kwa aina kubwa, madaktari wengi hupendelea kusubiri mbwa akomae kwanza, kwa sababu homoni zina kazi katika kufunga kwa mifupa na uimara wa viungo. Umri unaofaa hutegemea aina na jinsia, na ni jambo la kuongea na daktari wako. Tarehe ikiandikwa kwenye mkataba, iwe imetokana na mazungumzo hayo.

Vifungu vingine vya kutafuta: siku ngapi una haki ya kumpeleka kwa daktari wako na kurudishiwa pesa akikutwa na tatizo (saa 48 hadi 72 ni kawaida), magonjwa gani ya kurithi yanafidiwa na mpaka umri gani, na fidia ni nini. Mkataba unaosema "utapewa mtoto mwingine ukimrudisha huyu" ni mtego mpole, maana anajua hutamrudisha mbwa mliyezoeana mwaka mzima. Omba kiandikwe kiasi cha pesa cha kuchangia matibabu. Mkataba unaokufanya mmiliki mwenza na kukutaka umzalishe jike mara mbili ndipo awe wako, tunashauri uuache.

SWALI: Aliye na mbwa ninayemtaka yuko mbali sana. Anaomba malipo ya awali kwa simu. Nitajilindaje?

JIBU: Malipo ya awali yenyewe si ulaghai, wengi huomba, tena baada ya watoto kuzaliwa. Kabla hujatuma, fanya mazungumzo ya video, na mwambie amwoneshe mama akiwa na watoto, kisha asogeze kisomaji cha chipu kwa mama wakati huo huo. Mwombe aandike jina lako na tarehe ya leo kwenye karatasi aiweke kando yao. Chukua picha za tangazo uzitafute kwenye intaneti kwa njia ya picha. Picha zilizoibwa hujitokeza katika matangazo mengine yenye bei nyingine. Piga simu kwa chama kilichotoa cheti cha nasaba uulize kama tumbo hilo limesajiliwa. Halafu lipa sehemu ndogo kwa risiti inayosema inarudishwa lini na hairudishwi lini. Anayekuongezea gharama mpya kila siku, leo kizimba cha ndege, kesho bima, keshokutwa karantini, hana mbwa.

Ikiwezekana, nenda mwenyewe kumchukua.

SWALI: Tunamleta nyumbani wiki ijayo. Mzalishaji katupa mfuko mdogo wa chakula chake, lakini sisi tumeshanunua kizuri zaidi. Tumbadilishie siku hiyo hiyo?

JIBU: Hapana, huo mfuko hakuupa bure. Siku tatu nne za kwanza mpe chakula kile kile, saa zile zile, milo 3 hadi 4 kwa siku. Kisha changanya: robo ya kipya kwa siku mbili, nusu kwa siku mbili, robo tatu kwa siku mbili, halafu kipya kitupu. Kinyesi kikilegea, rudi hatua moja nyuma ukae hapo siku mbili. Kwa aina kubwa, nunua chakula cha watoto wa mbwa wakubwa na usimwongezee unga wa kalisi wala mifupa ya kusaga. Kalisi ikizidi huharibu mifupa inayokua.

Siku ya safari asile saa 2 au 3 kabla ya gari kuondoka, isipokuwa akiwa wa aina ndogo sana, ambaye mnapaswa kumwuliza mzalishaji. Ombeni kitambaa kilicholaliwa na mama. Usiku wa kwanza kizimba chake kiwe kando ya kitanda chenu. Akilia saa nane za usiku, mtoeni nje ajisaidie kimya kimya, bila mchezo, arudi ndani.

Kwa daktari nendeni ndani ya siku mbili, na kijitabu, mkataba na kinyesi kibichi kidogo kwenye chupa ya plastiki kwa ajili ya kupima minyoo na vijidudu vya giardia na koksidia, ambavyo dawa ya kawaida ya minyoo haiviui vyote. Daktari akisikia mnong'ono mwepesi wa moyo, asiwatishe papo hapo: baadhi huisha kabla ya miezi 5, lakini usikilizwe tena na uandikwe. Mtoto mdogo akilegea ghafla, akiyumba au kutetemeka, mpakeni asali au maji ya sukari kwenye fizi na mkimbilie kwa daktari. Akitapika na kuharisha damu, au akikataa kula na kulala tu, msisubiri asubuhi. Parvo hujitokeza siku 3 hadi 7 baada ya kuambukizwa, wakati mwingine hadi 14, kwa hiyo mpigieni mzalishaji pia usiku huo huo: ndugu zake waliokwenda nyumba nyingine wanaweza kuwa wameambukizwa pamoja naye.